Kulazwa tena baada ya upasuaji: maana yake kwa mgonjwa mzee

Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akirudi hospitali na kupewa kitanda kabla ya siku 30 kupita, huhesabiwa kuwa amelazwa tena. Siku huanza kuhesabiwa pale anaporuhusiwa, si pale anapopasuliwa. Anayerudi kliniki kutolewa nyuzi hahesabiwi, wala yule ambaye tangu mwanzo alipangiwa awamu ya pili ya matibabu. Kinachotafutwa ni kurudi ambako hakukuwa kwenye ratiba.

Siku 30 ni mpaka wa makubaliano tu; mwili haujui kalenda. Ila nchini Marekani mpaka huo unagusa fedha. Tangu Oktoba 2012, Medicare, bima ya serikali ambayo wanachama wake wengi wana miaka 65 na zaidi, hukata malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita ilivyotarajiwa, na makato hayo yanaweza kufika asilimia 3. Mwanzoni yaliangaliwa mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kufanya kazi na nimonia. Baadaye ukaongezwa upasuaji wa kuweka nyonga au goti bandia.

Ukisikia mzee amerudi wodini baada ya operesheni, wazo la kwanza ni kidonda: kimetunga usaha, au mshono umeachia. Hutokea kweli. Lakini wengi hurudishwa na mambo yasiyogusa kabisa mahali palipokatwa. Nimonia. Maambukizi ya njia ya mkojo. Kuishiwa maji mwilini. Damu kuganda mguuni. Kuanguka usiku akienda chooni. Upasuaji umefaulu, mwili ndio ulioshindwa kuubeba.

Hapo ndipo linapokuja suala la udhaifu wa uzeeni, ambao si sawa na umri. Watu wawili wa miaka 80 wanaweza kuingia chumba cha upasuaji siku moja, mmoja akatoka akitembea na mwingine asisimame tena vizuri. Mwaka 2001 Linda Fried, daktari wa wazee wa Marekani, na wenzake walieleza dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mshiko wa mkono kulegea, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, yaani hana akiba ya kutosha ya nguvu pale mwili unapopata pigo.

Na kitanda chenyewe hula akiba hiyo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikaa kitandani siku 10 wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, bila kuhesabu mafuta. Hao hawakuwa hata wagonjwa. Ongeza maumivu, usingizi wa kukatizwa kila saa na chakula kinachorudi jikoni nusu sahani, ndipo utaelewa kwa nini Harlan Krumholz, daktari wa moyo, aliandika mwaka 2013 kwamba mtu anayetoka hospitali hupitia kipindi cha kudhoofika kinachomweka wazi kwa magonjwa tofauti na ule uliomlaza.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo hajui yuko wapi. Mchana anatulia, usiku anang'oa bandeji. Wengine hawapigi kelele, hunyamaza tu na kusinzia, na hao ndio tusiowatambua. Nyumbani watu husema ni uzee. Uzee hauingii kwa siku mbili. Nyuma yake kunaweza kuwa na maambukizi, mkojo uliozuilika, choo kilichofunga, maumivu yasiyotulizwa au dawa mpya, na wakati mwingine miwani au kifaa cha kusikilizia kilichosahaulika wodini huchangia.

Dawa nazo zina visa vyake. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilisimamishwa kabla ya operesheni na hakuna aliyesema irudishwe lini. Au mzee anameza vidonge vyake vya presha kama kawaida huku hanywi maji ya kutosha: anasimama, kizunguzungu, sakafuni. Dawa za maumivu za jamii ya mofini hufunga choo kwa watu wengi, na mgonjwa anaona haya kulisema.

Kuna vipimo vya kukadiria nani atarudi. Kimoja, LACE, kilichotengenezwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2010, hutoa alama 0 hadi 19 kwa kuangalia siku alizolazwa, kama aliingia kwa dharura, magonjwa mengine aliyo nayo, na mara alizofika idara ya dharura ndani ya miezi sita kabla ya kulazwa. Alama 10 na kuendelea huchukuliwa kuwa hatari kubwa. Ni hesabu muhimu, lakini haiulizi nyumbani kuna nani, choo kiko umbali gani na kitanda, wala nani atasoma maandishi ya kwenye pakiti za dawa.

Pia si kila kurudi ni kosa. Mzee ambaye siku ya tano shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, akarudishwa hospitali siku hiyohiyo kabla damu iliyoganda haijafika mapafuni, ataingia kwenye takwimu sawa na aliyerudishwa kwa sababu hakuna aliyemweleza vidonge vyake.