Mtoto mwenye sindromu ya Down: msisingizie baridi, pimeni moyo

Sindromu ya Down ni nini hasa?
Hali ya kuzaliwa nayo. Wengi tuna kromosomu 46 katika kila seli. Mtoto huyu ana 47, ile ya 21 imezidi. Hajarogwa, wala mama hakukosea kitu. Tuendelee.

Mwanangu ana miezi minne, midomo inakuwa ya bluu. Si baridi ya huku Uyole?
Hapana, mama. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu. Juni iliyopita nilimpokea mmoja, mama yake kavaa sweta na kujitanda kitenge juu. Mtoto akinyonya, jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Jasho, Mbeya, mwezi wa sita! Ananyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala. Nyumbani walishamuongezea blanketi la tatu.

Wangu hana dalili hizo, na daktari alisikiliza kifua akasema kiko sawa.
Apimwe hivyo hivyo. Hata tundu kubwa linaweza lisisikike wiki za mwanzo. Kipimo ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo, hakiumi.

Tusubiri kwanza apate nguvu?
Msisubiri. Hizo nguvu atazipata wapi na moyo unamchosha? Damu inayopita kwenye tundu inasukumwa kwa wingi mapafuni, mishipa ya huko inakakamaa, na ikishakakamaa upasuaji haumsaidii tena. Matundu makubwa huzibwa mapema, mara nyingi kabla ya mwaka mmoja. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inawapasua watoto. Ombeni rufaa sasa. Gharama zikiwashinda, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Msirudi nyumbani kimya kimya.

Bibi yake anasema kikohozi kinatokana na kimeo, kikatwe.
Bibi shikamoo, lakini hapana. Kukata kimeo kunamwaga damu na kuleta maambukizi, na tundu la moyo linabaki pale pale.

Atatembea? Atasoma?
Atatembea, ila kwa kuchelewa. Wengi huanza wakikaribia miaka miwili au wakiipita kidogo. Shule aende. Masikio, macho na tezi ya shingo navyo vipimwe mara kwa mara, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito kuelewa, kumbe hasikii. Eko je, mmeshafanya?