Ukurasa Usiojieleza Hauonekani: Namna ya Kuandaa Kurasa za Tovuti kwa Ajili ya Injini za Utafutaji

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kutoka kwa wenye tovuti ni kwamba kazi yao haionekani watu wanapotafuta mtandaoni, na kwa kawaida mlalamikaji anapofika kwetu huwa ameshaanza tiba kabla ya kuujua ugonjwa: amebadilisha rangi na picha za tovuti, amelipia matangazo, au amempa fedha mtu aliyemwahidi nafasi ya kwanza katika matokeo ndani ya wiki mbili. Ahadi ya namna hiyo haina msingi, kwa kuwa Google wenyewe wameeleza bayana kwamba hawapokei malipo ili kuupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida, na matangazo ya kulipia huwekewa alama yake. Swali linalopaswa kutangulia ni jepesi kuliko hayo yote: je, ukurasa wenyewe, ukisomwa na mtu asiyemjua mwenye tovuti, unasema unahusu nini?

Makala haya yanahusu yale ambayo mwenye tovuti anaweza kuyarekebisha ndani ya ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Yapo mengine yaliyo nje ya uwezo wake, hasa viungo vinavyotoka katika tovuti za watu wengine, ambavyo Larry Page na Sergey Brin walivitumia kupima umuhimu wa ukurasa walipoanzisha Google mwaka 1998, na ambavyo hadi leo vina uzito. Hayo hatutayagusa, kwa sababu kuhangaikia sifa za nje wakati ukurasa wenyewe haueleweki ni kutanguliza la pili mbele ya la kwanza.

Injini ya utafutaji, kama Google, hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake ziitwazo roboti hupita katika kurasa zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, yaliyomo katika kurasa hizo huchambuliwa na kuhifadhiwa katika faharasa, yaani hazina ya kumbukumbu za injini. Tatu, mtu anapoandika anachokitafuta, injini hupekua faharasa hiyo, wala si intaneti nzima, kisha hupanga inayoyaona kuwa yanamfaa zaidi. Hatua hii ya tatu ndiyo inayozungumzwa na kila mtu, ilhali kurasa nyingi hukwama katika ile ya kwanza au ya pili, na ukurasa ambao haumo katika faharasa hauwezi kuonekana hata uwe umeandikwa kwa ufundi wa namna gani.

Kichwa cha ukurasa

Ikiwa mwenye tovuti ana siku moja tu ya kufanya marekebisho, aitumie yote katika vichwa vya kurasa. Hapa hatuzungumzii maandishi makubwa yanayoonekana juu ya habari, bali lebo ya kichwa iliyo ndani ya msimbo wa HTML, yaani lugha inayotumika kuujenga ukurasa wa tovuti, ile inayojitokeza katika kichupo cha kivinjari na ambayo kwa kawaida ndiyo mstari wa kubofya katika matokeo ya utafutaji. Si ajabu kukuta tovuti yenye mamia ya kurasa ambazo zote zina kichwa kimoja, yaani jina la taasisi, au zina neno kama “Mwanzo”, “Karibu” na “Huduma zetu”. Hakuna anayeandika “Huduma zetu” katika kisanduku cha kutafutia. Ukurasa unaomwelekeza mwananchi aliyepoteza cheti cha kuzaliwa ukiitwa “Cheti cha kuzaliwa kilichopotea: namna ya kuomba nakala”, basi mtu na mashine wote wawili wameshaelewa kabla ya kusoma sentensi ya kwanza.

Watu huuliza kichwa kiwe na herufi ngapi. Google hawajaweka idadi maalumu. Kichwa hukatwa kulingana na upana wa skrini ya anayetafuta, na kile kipimo cha herufi 60 kinachotajwa mara kwa mara ni makadirio ya watumiaji tu. La muhimu ni kwamba maneno yenye uzito yatangulie na jina la taasisi lifuate, ili kikikatwa kipotee kisichohitajika. Ifahamike pia kwamba injini hailazimiki kukionyesha kichwa ulichokiandika. Tangu Agosti 2021 Google wametangaza mfumo unaoweza kukibadilisha kwa kutumia maandishi mengine ya ukurasa, hasa kichwa kikuu kinachoonekana kwa msomaji, pale ambapo lebo ni tupu, imejirudia katika kurasa nyingi au imejazwa maneno kupita kiasi. Kwa hiyo lebo ya kichwa na kichwa kikuu cha habari vikipatana, hatari ya kubadilishiwa hupungua.

Maelezo mafupi ya ukurasa, yale yanayoandikwa katika lebo ya meta, yaani sehemu ya msimbo isiyoonekana ndani ya ukurasa wenyewe, hayaupandishi ukurasa. Kazi yake ni kumshawishi anayesoma matokeo abofye, na hata hivyo injini huweza kuyaacha na kuchukua kipande kingine cha matini kinacholingana zaidi na swali la mtafutaji. Yaandikwe kwa sentensi moja au mbili za kweli, yaishie hapo. Ama ile lebo ya meta ya maneno muhimu, ambayo bado watu huijaza kwa bidii maneno thelathini au arobaini, Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii katika kupanga matokeo. Kuendelea kuijaza ni kumwagilia mti uliokwisha kung’olewa.

Maneno ya msomaji, si ya ofisi

Kosa kubwa la taasisi ni kuandika kwa lugha ya nyaraka zake. Ofisi huandika “utaratibu wa utoaji wa nakala mbadala ya hati”, mwananchi hutafuta “nimepoteza cheti nifanyeje”. Injini za sasa zina uwezo wa kuhusisha maneno yenye maana zinazokaribiana, lakini si busara kuziachia kazi ambayo mwandishi anaweza kuifanya mwenyewe kwa sentensi moja. Hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili, ambamo neno hubadilika mwanzoni: cheti kimoja ni vyeti vikiwa vingi, na kitenzi hubeba nafsi, wakati na ukanushi katika umbo moja, hata “omba”, “kuomba”, “ninaombaje” na “maombi” yaonekane kama maneno tofauti kwa mashine isiyoijua lugha vizuri. Vilevile zipo istilahi zilizosanifiwa na zipo zinazosemwa. Anayeandika “tarakilishi” pekee ukurasa mzima asishangae kuwakosa wanaotafuta “kompyuta”. Dawa yake si kurundika maumbo yote katika aya moja, bali kuandika kwa ukamilifu, kwa sababu matini iliyoelezea jambo vizuri hutumia maumbo hayo yenyewe bila kulazimishwa.

Nasema hivyo kwa kuwa urundikaji huo una historia. Zamani injini zilitegemea sana hesabu ya mara ngapi neno limetajwa, na wapo waliorudia neno moja mara mamia, wengine wakiyaficha maneno hayo kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweupe ili roboti iyaone na msomaji asiyaone. Mbinu zote mbili zimo leo katika orodha ya hila ambazo Google hukataza, na tovuti inayozitumia huweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Februari 2011 yalifuata mabadiliko ya Google yaliyoitwa Panda, yaliyolenga tovuti zenye maelfu ya kurasa zisizo na maudhui ya maana. Wanaouza “asilimia sahihi ya maneno muhimu” bado wapo. Asilimia hiyo haipo.

Ndani ya ukurasa, jibu litangulie na historia ya idara ifuate, kama kweli kuna anayeihitaji. Vichwa vidogo vitumike kuonyesha mpangilio wa mawazo, si kukuza herufi. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomea skrini hurukia kichwa kimoja hadi kingine ili aujue ukurasa, na mpangilio unaomfaa yeye huisaidia pia mashine kutambua kipi kiko chini ya kipi. Viungo navyo vijieleze: “bofya hapa” haimwambii mtu wala roboti kinachopatikana upande wa pili, ilhali “fomu ya kuomba nakala ya cheti” inasema kila kitu. Na ukurasa ambao hakuna ukurasa mwingine wa tovuti unaouelekezea kiungo ni kama chumba kisicho na mlango.

Picha zinahitaji maelezo mbadala yanayosema kinachoonekana. Lakini tatizo zito zaidi katika tovuti za taasisi ni matangazo yanayochapishwa, kupigwa muhuri, kuskaniwa na kupandishwa kama picha. Injini huweza kujaribu kuzitambua herufi zilizomo ndani ya picha, ila si jambo la kulitegemea, na msomaji mwenye simu ndogo hulazimika kuivuta picha huku na huku ili asome aya moja. Tangazo lililoandikwa kama matini ya kawaida ya ukurasa, pamoja na ile nakala yenye muhuri kwa anayeihitaji, huondoa adha yote hiyo.

Milango iliyofungwa bila kujua

Katika mambo ya kiufundi, linaloleta hasara kubwa kuliko yote ni kuchanganya faili ya robots.txt na agizo la noindex. Faili ya robots.txt, iliyopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kurasimishwa kuwa kiwango cha intaneti cha RFC 9309 mwaka 2022, huiambia roboti isipite mahali fulani. Haiiambii isihifadhi anwani ya mahali hapo: ukurasa uliozuiwa huweza kuonekana katika matokeo kama anwani tupu bila maelezo, iwapo tovuti nyingine zimeutaja. Agizo la noindex ndilo linaloutoa ukurasa katika faharasa, lakini ili roboti ilisome agizo hilo ni lazima iruhusiwe kuingia. Anayeweka vyote viwili kwa pamoja, akidhani ameongeza ulinzi, ameizuia roboti kuusoma ujumbe aliouandikia. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kufuli. Taarifa za siri hulindwa kwa nywila.

Kinyume chake hutokea pia, tena mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: tovuti hujengwa ikiwa na noindex ili isionekane kabla ya wakati, kisha huzinduliwa kwa shangwe na agizo likabaki palepale. Kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote, mwenye tovuti ambayo haionekani kabisa afungue msimbo wa ukurasa wake na kulitafuta neno hilo.

Ukurasa mmoja unapofikika kwa anwani kadhaa, lebo ya kanoniki, iliyoungwa mkono kwa pamoja na Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009, huionyesha injini anwani unayoipendelea. Nayo huichukua kama pendekezo, si amri. Ukurasa uliohamishwa uelekezwe upya kwa msimbo 301, unaosema kwamba umehamia anwani nyingine moja kwa moja. Tovuti yenye lugha mbili itumie lebo za hreflang, zinazoonyesha toleo lipi ni la lugha ipi, na kila toleo limtaje mwenzake, la sivyo lebo hizo hupuuzwa.

Simu haina budi kutajwa peke yake. Google walianza mwaka 2016 kueleza nia ya kulichukua toleo la simu kuwa ndilo la kuingizwa katika faharasa, na Oktoba 2023 wakatangaza kwamba uhamaji huo umekamilika. Maana yake ni kwamba aya iliyoondolewa katika toleo la simu ili kupunguza urefu, kwa injini hiyo ni aya isiyokuwapo.

Kuhusu kasi, Google wana vipimo vitatu: kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuhamahama kwa vitu kwenye skrini isizidi 0.1, yote yakitakiwa kufikiwa katika angalau asilimia 75 ya ziara halisi. Kipimo cha pili kilichukua nafasi ya kingine Machi 2024, na bila shaka vitabadilika tena. Kwa maoni yangu kasi imekuzwa kupita kiasi na wanaouza huduma ya kuongeza kasi. Kurasa mbili zinapojibu swali kwa ubora unaolingana, ile nyepesi hustahili kutangulia. Ukurasa mwepesi usiojibu lolote haustahili. Mara nyingi inatosha kupunguza ukubwa wa picha na kuziandikia upana na kimo katika msimbo, ili maandishi yasiruke picha inapofunguka.

Matokeo ya kazi hii yote hayaonekani kesho. Mabadiliko mengine hutambuliwa baada ya siku chache, mengine baada ya miezi, na njia ya uhakika ya kuyafuatilia ni huduma ya bure ya Google iitwayo Search Console, ambayo huonyesha kurasa zilizomo katika faharasa, sababu za zilizoachwa nje, na maneno halisi ambayo watu waliyaandika, kwa muda wa hadi miezi 16 iliyopita. Anayeanza atazame kwanza mahali ambapo ukurasa wake umeonyeshwa mara nyingi na kubofywa mara chache. Hapo injini imeshaukubali ukurasa, ila kichwa chake hakijamwambia msomaji kwamba alichokitafuta kimo ndani. Akiandike upya kwa kutumia maneno yaleyale aliyoyakuta katika orodha hiyo, kisha asubiri wiki kadhaa kabla ya kukigusa tena.