Nani aliufungua moyo wa Lidia? Dhana potofu kuhusu neema ya Mungu na uamuzi wa mtu katika kuokoka

Mkutano wa injili ukiisha, watu wakitawanyika na mafundi wakikunja nyaya za spika, nyuma ya jukwaa tunabaki sisi washauri kwenye viti vya plastiki, na kalamu na kadi mkononi. Jioni moja kijana alikuja akakaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini: "Mtumishi, naomba uniongoze tena sala ya toba. Hii ni mara ya tatu. Nadhani zile mbili sikuzitamka kwa imani ya kutosha." Nilishindwa kuijaza kadi yake. Alikuwa amefundishwa kwamba wokovu wake unaning'inia kwenye uzito wa maneno yake mwenyewe, na kila usiku alikuwa akiyapima na kuyaona yamepungua.

Kisha yupo mjomba wangu, fundi baiskeli. Nikimweleza habari za Kristo husikiliza kwa heshima zote, halafu hujibu: "Mwanangu, Mungu akinitaka anajua ninapokaa." Naye kuna kitu alifundishwa, kwamba kama mwokozi ni Mungu, basi mtu hana la kufanya ila kungoja.

Ukiwasikiliza utadhani wametofautiana kabisa, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wanaugawa wokovu kama shamba la urithi: huku kwa Mungu, huku kwa mtu, na mmoja akisogeza kigingi cha mpaka mwenzake anapunjwa. Biblia haijapima shamba hilo hata mara moja.

"Kama Mungu ndiye anayeufungua moyo, mtu ni kikaragosi"

Twende Filipi, Makedonia, kando ya mto, siku ya sabato. Wanawake wamekusanyika kuomba. Mmoja wao ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Luka anaandika kwamba alikuwa akiwasikiliza, na kwamba "moyo wake ulifunguliwa na Bwana, ayatunze maneno yaliyonenwa na Paulo" (Matendo 16:14).

Soma vitenzi vile polepole. Aliyenena ni Paulo. Aliyesikiliza ni Lidia. Aliyefungua ni Bwana. Aliyeyatunza maneno ni Lidia tena. Hakuna hata kitenzi kimoja kilichomnyang'anya mwingine nafasi. Luka hasemi Mungu alifanya nusu na Lidia akamalizia, wala hasemi Mungu aliamini kwa niaba yake. Lidia aliyatunza maneno kwa sababu moyo ulikuwa umefunguliwa.

Na kuna jambo katika sura hiyohiyo ambalo watu hulipita haraka. Muda mfupi kabla, Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, jimbo la Kirumi lililo leo magharibi mwa Uturuki. Usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Akavuka. Mtu wa kwanza anayetajwa kuamini huko Filipi si Mmakedonia, ni mama wa Thiatira, mji wa Asia ileile waliyokatazwa kuhubiri! Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mungu alikuwa amempanga mhubiri, safari, mto na msikilizaji.

Sasa mtazame huyo aliyefunguliwa moyo. Mara baada ya kubatizwa anawasihi mitume waingie nyumbani mwake wakakae, na Luka anaongeza: "Akatushurutisha." Kikaragosi hakimshurutishi mtu. Neema haikumpunguzia Lidia utashi, ilimpa utashi mpya, tena wenye nguvu kiasi cha kumshinda Paulo kwenye mjadala wa pa kulala.

Wanaotuhumiwa zaidi kwa fundisho la kikaragosi ni wafuasi wa Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16 aliyefundisha kwamba Mungu ndiye anayewateua watakaookoka. Ajabu ni kwamba sinodi yao, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ya Dordrecht, Uholanzi, iliyokaa mwaka 1618 na 1619, iliandika waziwazi kwamba neema haiwatendei watu kama magogo na mawe, wala haiufuti utashi wao. Inauhuisha, inauponya, na kuugeuza kwa upole na kwa nguvu.

"Wafuasi wa Arminius na Wesley wanasema mtu hujiokoa"

Hapana, na inaniumiza kuisikia hii mimbarani. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, walipotoa makala zao tano mwaka 1610 walikiri kwamba mtu hawezi kuwaza wala kutenda jema la kweli mpaka neema imtangulie. John Wesley, baba wa Wamethodisti, alisema vivyo hivyo. Wanachobishana na wafuasi wa Calvin ni kama neema hiyo inaweza kukataliwa, na kama uteule wa Mungu unatokana na imani aliyoiona mbele. Ubishi huo ni mzito, mimi mwenyewe nina upande wangu ndani yake, lakini si haki kumsingizia ndugu.

Aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa nguvu zake za asili ni Pelagio, mwalimu wa zama za kanisa la kale. Alichukizwa aliposikia Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, ameomba, "Toa unachoamuru, kisha amuru utakalo." Mafundisho yake yalikataliwa Karthago mwaka 418, na mwaka 529 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange, Ufaransa, ukasema hata mwanzo wenyewe wa imani ni zawadi ya neema.

"Ukifuatisha sala ya toba, tayari umeokoka"

Hii ndiyo iliyomtesa yule kijana. Katika Matendo yote hutaona mtume akimwambia mtu "fuatisha maneno haya baada yangu." Wanaitwa watubu, waamini, wabatizwe. Desturi ya kuwaita watu mbele ni changa. Katika karne ya 18 wahubiri wa Uingereza, George Whitefield na Wesley, walihubiri kwa maelfu viwanjani bila kutegemea utaratibu huo. Aliyeupa umaarufu ni Charles Finney, mwanasheria aliyegeuka mhubiri huko Marekani. Katika mikutano yake ya Rochester, mwaka 1830 na 1831, waliosumbuliwa na dhambi zao waliitwa wakakae kwenye benchi maalumu la mbele. Hakuwa wa kwanza kabisa, kwa kuwa Wamethodisti walishaita watu mbele makambini mwao. Sisi tuliupokea wito wa madhabahuni kana kwamba ulitoka kwa Petro.

Sisemi ni dhambi. Wengi, na mimi nikiwamo, tulimlilia Bwana mara ya kwanza kwa maneno tuliyopewa na mtu mwingine. Lakini sala ni mkono mtupu unaonyooshwa, na anayeujaza ni mwingine. Hata lile andiko la "nasimama mlangoni, nabisha" tunalolitumia kila wito, katika Ufunuo 3:20, liliandikwa kwa kanisa la Laodikia lililokuwa vuguvugu. Halikukusudiwa kumchora Kristo akiwa amekwama nje ya moyo wa mwenye dhambi, akingoja ruhusa.

Kwa hiyo sikumwongoza sala ya tatu. Nilimfungulia Yohana 6:37, akasoma mwenyewe kwa sauti: "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Nikamuuliza, hapo umeandikiwa uje na imani ya kiasi gani? Akasoma tena. Akainamisha kichwa, akalia.

"Nangoja nivutwe"

Mjomba ana andiko lake, Yohana 6:44: hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba. Ni kweli tupu. Lakini liko mistari saba tu baada ya lile la kijana, na aliyeyasema yote mawili ni mmoja, kwa umati uleule. Kuvutwa si hisia unayokaa barazani kuisubiri. Mlinzi wa gereza kulekule Filipi aliuliza, "yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Paulo hakumwambia arudi nyumbani akachunguze kama ameteuliwa. Alimwambia, "Mwamini Bwana Yesu." Orodha ya wateule hatukupewa. Tulichopewa ni agizo, kwamba watu wote wa kila mahali watubu (Matendo 17:30).

"Anayeamini uteule hawezi kuwa na bidii ya kuhubiri"

Paulo akiwa Korintho Bwana alimwambia usiku asinyamaze, na sababu aliyopewa ni hii: "mimi nina watu wengi katika mji huu." Akakaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Whitefield, Mkalvini asiyeficha, alivuka Atlantiki mara kumi na tatu. William Carey, naye Mbaptisti wa mkondo huohuo, aliondoka Uingereza kwenda India mwaka 1793, na Mhindu wa kwanza kuongoka kwa kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa mwisho wa mwaka 1800. Miaka saba! Anayedhani mavuno yanategemea ufasaha wake angepakia mizigo mapema.

Na hao wanaosema kila kitu kiko mikononi mwa mtu, wasikilize wakiwa magotini. Mama ambaye mwanawe amepotelea kwenye pombe haombi, "Bwana, mwache aamue mwenyewe." Anaomba, "Bwana, mguse. Mrudishe." Hivyo ndivyo Monika alivyomlilia mwanawe Augustino miaka mingi, mpaka mwaka 386 huko Milano aliposoma mistari michache ya Waraka kwa Warumi na vita vya ndani yake vikaisha.

Nami ndivyo ninavyofanya kwa mjomba. Asubuhi naomba afunguliwe moyo, mchana naenda kwenye kibanda chake. Mwezi uliopita aliweka chini spana akaniuliza mwenyewe, yule mlinzi wa gereza aliishia wapi. Nilimwachia Agano Jipya langu juu ya meza, katikati ya viraka na gundi, nikamkunjia ukurasa wa sura ya 16.