Kichwa Kinatikisika, Maandishi Yametulia

Ukiwa Likoni unangoja feri, jaribu jambo hili. Shika simu mbele yako, kisha itikise haraka kushoto na kulia huku kichwa kimetulia. Herufi zinavurugika, husomi kitu. Sasa itulize simu, utikise kichwa kwa kasi ile ile kama mtu anayekataa. Unasoma vizuri tu.

Macho ni yale yale. Simu inapotikisika, ubongo hungoja macho yauone mwendo ndipo yaufuate, na hapo hupotea kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kichwa kinapotikisika, habari huanzia ndani ya sikio, kwenye vijifereji vitatu vyenye maji. Ukigeuka kulia, maji hubaki nyuma, vinyweleo hupinda, na ujumbe hukimbia kupitia shina la ubongo hadi kwenye misuli ya macho, ambayo ni sita kwa kila jicho. Milisekunde 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, macho yameshageuka kushoto. Bila hivyo, usingeweza kusoma kibao cha duka huku unatembea Digo Road.

Msimamizi wa kazi hii ni serebelamu, ubongo mdogo ulioko kisogoni. Uzito wake ni kama sehemu ya kumi ya ubongo wote, lakini seli nyingi za neva zimo humo. Jicho au mkono ukipitiliza, yeye ndiye husahihisha.

Hapa naomba tusikilizane. Mtu akisema ana kizunguzungu, nyumbani huambiwa "presha hiyo", akameza vidonge vya jirani. Siafiki kabisa. Kikija ukijigeuza kitandani na chumba kikazunguka kwa muda usiofika dakika, mara nyingi ni vijiwe vya chokaa vilivyobanduka sikioni vikaingia kwenye kifereji. Hivyo havitaki kidonge. Mtaalamu hukulaza na kukigeuza kichwa chako kwa hatua maalumu, mbinu ya daktari Mmarekani John Epley, na mara moja au mbili hutosha kwa wengi.

Kinachonitisha ni kingine. Mzee mmoja, nahodha wa dau, aliletwa na wanawe akipepesuka kama mlevi, naye hajapata kuonja pombe. Alikuwa amelazwa nyumbani siku mbili. Nilimwomba aguse pua yake, kisha kidole changu. Mkono wa kulia ulikuwa na nguvu zake zote, lakini kidole kilipita, kikarudi, kikapita tena. Kilikuwa kiharusi cha serebelamu, upande huo huo wa kulia. Mdomo haukupinda, mkono haukupooza, ndiyo maana nyumbani hakuna aliyeshtuka.

Kizunguzungu cha ghafla kikiandamana na kushindwa kusimama, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au kumeza kwa shida, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Njiani msimpe maji wala dawa, maana huenda koo halimezi sawasawa na vikaingia mapafuni.