Ukikwama kwenye programu, chukua karatasi na kalamu

Jioni tatu mfululizo dada mmoja mwenye duka la vipodozi alikuja darasani kwangu na programu ileile ya mistari sita. Alitaka imjumlishie mauzo ya siku. Aliweka 12000, 8500 na 15000, programu ikamjibu 15000. Hakuna maandishi mekundu wala onyo lolote, ila jibu tu ambalo si sahihi. Jioni ya tatu akaniambia, "Mwalimu, naona hii kitu si ya watu kama mimi."

Nafundisha wanaoanza, kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wengi. Mara nyingi huja mwezi wa pili au wa tatu wa kujifunza. Mwezi wa kwanza huteleza: unaandika salamu, inatokea kwenye skrini, unafurahi. Baadaye video bado zinaeleweka vizuri, lakini ukifungua faili tupu ili uandike cha kwako, mikono inaganda. Hapo ndipo watu huacha, na huacha wakiamini kwamba tatizo ni akili yao. Inaniuma sana, kwa sababu ninachokiona ni kitu kingine kabisa, tena kinafundishika.

Programu yake ilikuwa hii:

```
mauzo = [12000, 8500, 15000]
for m in mauzo:
    jumla = 0
    jumla = jumla + m

print(jumla)
```

Sikumwonyesha kosa. Nilimpa karatasi, nikamwambia achore safu mbili, moja aiite m na nyingine jumla. Kisha yeye mwenyewe awe kompyuta: apite mstari mmoja baada ya mwingine, na kila thamani inapobadilika, aikate ya zamani na kuandika mpya. Asiruke mstari hata kama anaujua.

Akaanza. m ni 12000. jumla ni 0. jumla ni 12000. Akarudi juu: m ni 8500. jumla ni... Kalamu ikasimama. "Inarudi sifuri!" Ndiyo, inarudi sifuri kila mzunguko, kwa sababu mstari wa kuanzia sifuri umo ndani ya kitanzi, ile sehemu ya for inayorudiwa kwa kila namba, badala ya kuwa juu yake. Kila mauzo mapya yanafuta yaliyotangulia, na mwishoni yanabaki yale ya mwisho peke yake. Kazi hiyo haikumaliza dakika tano, baada ya jioni tatu za kuhangaika.

Nikamuuliza kwa nini aliiamini programu tangu mwanzo. Akasema aliijaribu kwa mauzo ya mteja mmoja, ikatoa jibu sahihi. Ni kweli, kwa namba moja programu hiyo haikosei kamwe. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wajaribu na namba mbili, na tatu, na orodha isiyo na kitu, kabla hawajasema imekubali.

Jioni zile tatu alikuwa akifanya nini? Alikuwa anaisoma programu yake kama mtu anavyosoma barua aliyoiandika mwenyewe, akiona alichokusudia. Kompyuta haijui ulichokusudia, inatekeleza mstari ulio mbele yake, kisha unaofuata. Ujuzi aliokuwa ameukosa ni kutabiri: kabla ya kuendesha programu, kusema kwa uhakika mstari huu ukipita, kila jina litakuwa na thamani gani. Video haiwezi kukupa ujuzi huo, kwa sababu mwalimu wa kwenye video ameshatabiri kwa niaba yako na wewe unatikisa kichwa tu. Umemtazama mama akisukuma chapati tangu utotoni na kila hatua unaijua, lakini siku ukishika kifimbo cha kusukumia mwenyewe, duara halitoki. Mikono haijawahi kufanya ile kazi.

Kwa hiyo ukitazama somo, lisimamishe kabla mwalimu hajabonyeza kitufe cha kuendesha. Andika kwenye daftari unachodhani kitatokea, halafu endelea. Ukipatia, sawa. Ukikosea, umepata mahali hasa ambapo uelewa wako una tobo, na hapo ndipo pa kukaa. Utaenda polepole. Somo la dakika 20 litakula saa nzima, na saa hiyo nitaichagua mbele ya masomo matatu yaliyopita kama upepo.

Kuna kukwama kwingine, kwa maandishi mekundu. Wengi wakiyaona huyafunga haraka au huanza kubadilisha mistari ovyo. Ujumbe wa hitilafu wa Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake kuna jina la faili na namba ya mstari. Mfano, ukichukua bei kwa input, amri ya kupokea anachoandika mtumiaji, kisha ukaijumlisha na 200, utaambiwa: TypeError: can only concatenate str (not "int") to str. Maana yake, umejaribu kuunga maandishi na namba. Hata kama mtumiaji ameandika 500, input humpa Python maandishi, na ni juu yako kuyageuza kuwa namba kwa amri ya int. Huo ni ujumbe wa huruma kabisa, maana ukizidisha maandishi hayo kwa 3 hutaambiwa chochote, utapata 500500500.

Toleo nalo lina maana. Ukisahau kufunga mabano, Python za zamani mara nyingi zilikuonyesha mstari unaofuata, ambao hauna kosa lolote, na watu wamepoteza usiku mzima wakiuchunguza. Tangu Python 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, unaambiwa wazi ni mabano gani hayakufungwa. Kama kompyuta yako ina toleo la zamani, lisasishe leo.

Suala la Kiingereza silipuuzi. Wengi wetu hapa Tanzania tulisoma msingi kwa Kiswahili, na ujumbe mwekundu wa Kiingereza hutisha mara mbili. Lakini maneno ambayo Python imeyatengea kazi maalumu ni 35 tu. Ukiacha hayo na amri zinazokuja na Python kama print na input, majina mengine unayatunga wewe: mauzo, deni, wateja, chenji. Andika kwa Kiswahili. Na kila hitilafu mpya iingize kwenye daftari: ilisema nini, kwa Kiswahili chako ina maana gani, ilitokana na nini. Zinazomkamata anayeanza si nyingi, utashangaa zinavyojirudia.

Kwa anayedhani wataalamu hawakosei: Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa EDSAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo, pale Cambridge, Uingereza, alisimulia kwamba mwaka 1949 ilimjia ghafla kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataitumia kutafuta makosa kwenye programu zake mwenyewe. Mojawapo ya programu zake za mwanzo ilikuwa na mistari 126, na ndani yake makosa kama 20.

Siku hizi wengi wakikwama hubandika programu nzima kwenye ChatGPT na kupokea iliyorekebishwa. Sikatazi. Naomba tu kwanza uchore lile jedwali, uandike mstari unaoushuku na sababu yake, ndipo uulize kama sababu hiyo ni sahihi. Ukipokea jibu bila kuwa na dhana yako, kesho utakwama palepale.

Yule dada alirudi wiki iliyofuata na daftari limejaa safu zilizokatwakatwa. Programu ilikuwa inajumlisha vizuri, na alishaongeza sehemu ya madeni ya wateja. Swali lake safari hii lilikuwa jipya: umeme ukikatika katikati ya siku, mauzo yote aliyoingiza yanapotea, afanyeje yabaki? Tukafungua somo la kuandika kwenye faili.