Watu 1,200 wanatosha, hata kama wewe hukuulizwa

Kwenye magrupu ya hapa Dodoma bado unazunguka ujumbe huu kuhusu utafiti wa maoni: "Watu 1,200 hawawezi kuwasemea Watanzania zaidi ya milioni 60. Mbona mimi sijaulizwa?" Si kweli. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, jibu lao kwa kawaida halipishani na hali halisi kwa zaidi ya takriban asilimia 3 juu au chini, nchi iwe kubwa au ndogo. Kinachoharibu ni namna ya kuwapata: ukihoji hata 5,000 soko la Majengo tu, mkulima wa Chemba hayumo. Watu huchanganyikiwa kwa sababu kura za kwenye grupu nazo huitwa utafiti, ilhali hujibu anayependa. Angalia waliohojiwa walipatikanaje, lini, na swali lilivyoulizwa. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.