Je, wajua kwa nini picha moja ya nebula hutengenezwa kwa picha mia nne?

Ukitazama upanga wa Jabari (kundi la nyota la Orion) usiku wa Desemba au Januari, nyota ya katikati huonekana imezungukwa na ukungu. Ukungu huo ni nebula M42, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka nuru 1,340. Kwa darubini ndogo huwa kijivu, pengine na ukijani kidogo. Kwenye picha hutoka waridi na zambarau. Wingu ni lile lile, lakini jicho haliwezi kulimbikiza nuru kwa zaidi ya sehemu ya sekunde, na seli zake za kuonea gizani hazitambui rangi. Sensa ya kamera hulimbikiza kwa muda wote ambao shata (kilango cha kupitishia nuru) iko wazi.

Basi kwa nini shata isiachwe wazi robo saa nzima, kazi ikaisha? Kwa sababu Dunia haisimami. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, na Jabari yuko papo hapo, huhama sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa (digrii moja ina sekunde za pembe 3,600). Kujua piseli moja hufunika kiasi gani cha anga, chukua upana wake kwa mikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi kwa milimita. Piseli ya mikromita 3.9 na lenzi ya mm 85 hukupa sekunde za pembe 9.5. Ukifungua shata sekunde 2, nyota huburutika piseli 3 hivi, na hilo linavumilika. Kwa lenzi ya mm 200 muda huo huo huburuta piseli 7 na zaidi. Ile kanuni maarufu ya kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi ilifaa enzi za filamu. Kwa mm 85 ingekuruhusu karibu sekunde 6, na nyota zako zingetoka kama punje za mchele.

Kwa hiyo hupigwa picha nyingi fupi, kisha programu huzipanga nyota juu ya nyota na kuzijumlisha. Nuru ya nebula huangukia mahali pale pale katika kila picha, ilhali chenga (madoadoa ya sensa) hutokea ovyo, leo piseli hii, kesho ile. Ukijumlisha picha 100, nuru huongezeka mara 100 lakini chenga huongezeka mara 10 tu, yaani kipeuo cha pili cha 100. Unafuu wake ni mara 10. Picha 400 hukupa mara 20, na ukitaka 40 ujiandae kwa 1,600. Simu nyingi za kisasa hufanya jambo hili hili kwenye picha za usiku, ila kwa picha chache na bila kukuuliza.

Piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), si JPEG. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, na kingo hafifu za nebula hukaa ngazi chache tu juu ya weusi wa anga. Zikishakatwa, hakuna programu itakayozirudisha. Kwa kuanzia weka ISO (usikivu wa sensa) 1600, uwazi wa lenzi f/2.8, shata sekunde 2, picha 400, na urudishe nebula katikati ya fremu kila baada ya dakika mbili. Fokasi usiiachie kamera: elekeza kwa Suheli au nyota nyingine kali, kuza kioo cha nyuma mara 10, zungusha pete ya fokasi polepole hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha bana pete kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Joto likishuka, rudia.

Kabla ya kufungasha, funika lenzi kwa kifuniko chake upige picha 20 za giza kwa ISO ile ile na muda ule ule. Hizo huondoa piseli moto, zile zinazong'aa hata gizani. Zipigwe hapo hapo nje. Za kesho sebuleni zina joto tofauti na hazifai. Kisha tandaza fulana nyeupe juu ya lenzi, elekeza kwenye mwanga ulio sawasawa, upige 20 nyingine bila kugusa fokasi. Hizi husawazisha pembe zenye giza na madoa ya vumbi. Siril na DeepSkyStacker, programu za kujumlisha picha, zote za bure, huzipokea zote na kutupa michirizi ya setilaiti zenyewe.

Mwanga wa mjini? M42 hustahimili, kwa kuwa nuru yake nyingi hutoka katika mawimbi machache, hasa nanomita 656.3 ya hidrojeni na 500.7 ya oksijeni, na kichujio huweza kuyapitisha hayo na kuzuia mengine. (Kamera ya kawaida yenyewe huzuia sehemu kubwa ya 656.3, ndiyo maana ya waridi badala ya wekundu mkali.) Kilimia ni habari nyingine: ubuluu wake ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota, rangi zote pamoja, hivyo kichujio hakisaidii. Nenda shambani, mwezi ukiwa mwandamo.

Shata ya sekunde 60 huhitaji mtambo wa kufuata nyota, na hapa ndipo wapigaji wa ikweta huteseka. Mhimili wa mtambo lazima uelekee ncha ya anga, nukta ambayo nyota huizunguka. Nairobi ncha ya kusini iko kama digrii 1.3 tu juu ya upeo, Zanzibar 6, ndani ya ukungu. Kutubu, nyota ya kaskazini, haionekani kabisa. Mitambo mingi haiteremki hadi pembe hiyo, kwa hiyo hurefushwa mguu mmoja wa stendi, huku ukichunga fimbo ya uzani isigonge mguu. Kisha chagua nyota iliyo juu kabisa karibu na ikweta ya anga. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, geuza mtambo kidogo kushoto au kulia. Kasi ikiongezeka, umekosea upande. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha kimo.

Na kwa sekunde 60 moyo wa M42, penye nyota nne za Trapezi, huungua ukawa mweupe. Piga nyingine 30 za sekunde 5, zijumlishe peke yake, uzipachike katikati kwa GIMP, programu ya kuhariri picha.